Piga Hodi: Shule ya Imani Haifungwi

Saa moja na nusu jioni, matatu inakushusha Kihunguro, au Kimbo, au unafika Makongeni kwa miguu ukitoka shifti ya kiwandani. Unapita kwa mama mboga, unakatiwa sukuma ya shilingi 20, unafungua geti la ploti. Ukishaingia ndani, unamsikia jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta. Kikohozi hicho ulikisikia hata wiki jana. Unajua anasikiliza redio gani na mtoto wake hulia saa ngapi usiku. Jina lake hulijui. Na kumbe Jumapili mnaimba katika kanisa moja.

Nataka tuanzie kwenye ukuta huo. Tunapenda kusema kwamba elimu haina mwisho, na kwamba Mkristo hujifunza hadi kaburini. Ni kweli. Lakini shule hiyo ya maisha ina mlango, na mlango wenyewe ni wa nyumba ya mtu. Sisi Wamethodisti wa Thika na Ruiru tumezungukwa na milango ambayo hatujawahi kuipigia hodi.

Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliukuta mji wa Ruiru na watu wasiofika 240,000. Ile ya 2019 ikakuta zaidi ya 490,000. Miaka kumi tu, na mji umejizidisha mara mbili! Ghorofa zimeota palipokuwa na mibuni. Mtu wa Maua amepakana ukuta na mtu wa Ribe, juu yao anaishi wa Kisii, chini yao wa Murang'a. Kila mmoja aliacha kwao kanisa lililojua jina lake, jina la babake na hata jina la ng'ombe wao. Hapa anahudhuria ibada ya kwanza, anapeana mkono mlangoni, kisha anakimbilia stejini. Asipoonekana mwezi mzima, nani atajua?

Turudi nyuma kidogo. Katika nchi hii ya Wakikuyu, Wakristo wa mwanzo waliitwa athomi, yaani wasomaji. Kule Uganda waliitwa abasomi, maana ni ileile. Sikia uzito wa jina hilo. Jirani aliyetaka kumweleza mtu wa dini hakutaja sauti yake ya kuimba wala ukubwa wa sadaka yake. Alisema tu: huyo anasoma. Sasa jiulize, ndugu yangu: leo jirani akitafuta jina la kukuita, atakuita msomaji? Wengi wetu tulisoma kwa bidii hadi siku tuliyopokelewa kuwa washirika kamili. Tukapiga picha na mchungaji, tukala wali, tukafunga daftari. Tangu siku hiyo tunaishi kwa akiba ya mafundisho ya utotoni, kama mtu anayekula mahindi ya mbegu.

Wamethodisti hawakuzaliwa hivyo. Tarehe 15 Februari 1742, watu walikutana Bristol, Uingereza, wakiwa na deni la jumba lao la ibada. Nahodha mmoja aliyeitwa Foy akatoa shauri: kila mshirika atoe peni moja kwa juma. Mtu akapinga, akasema wengi ni maskini, hata peni hawana. Foy akajibu kwamba apewe maskini kumi na mmoja, atawatembelea kila juma. Mwenye peni ataitoa, asiyekuwa nayo atalipiwa na yeye mwenyewe. Wengine nao wakakubali kubeba wenzao namna hiyo.

Wewe Mkenya hadithi hii unaijua. Hicho ni chama! Ni mchango wa kila wiki, na mweka hazina anayepita nyumba kwa nyumba. Lakini tazama kilichotokea. Waliopita kukusanya peni walikuta mambo ambayo madhabahu haiyaoni: mume na mke waliokosana, mtu aliyerudia pombe, mgonjwa aliyelala peke yake. Wakarudi na habari hizo kwa kiongozi wao, John Wesley. Naye akatambua kwamba deni lilikuwa limemfungulia njia aliyokuwa akiitafuta muda mrefu. Vikundi hivyo vya watu kama kumi na wawili vikaitwa madarasa, na darasa likawa uti wa mgongo wa Umethodisti. Watu waliingia kwa ajili ya peni, wakabaki kwa sababu kila juma kulikuwa na mtu wa kuwauliza: roho yako inaendeleaje?

Mbegu hiyo ilivuka bahari ikafika kwetu. Mwaka 1862 mmisionari Thomas Wakefield alifika pwani na kuanza kazi Ribe, karibu na Mombasa, akiongozwa na Johann Ludwig Krapf. Mwaka uliofuata akaja Charles New. Mwaka 1912 kazi ikaanzishwa Meru. Mwaka 1967 Kanisa la Methodisti nchini Kenya likaanza kujitegemea, na mwaka 1986 Wamethodisti wa dunia nzima walipokutana Nairobi, Askofu Lawi Imathiu, mwana wa Meru, alipewa uongozi wa baraza lao la dunia. Kutoka Ribe hadi kiti hicho ni miaka 124. Ni safari ya watu waliokubali kufundishwa, kisha wakafundisha.

Lakini huku kwetu Thika, mashirika ya misheni yalipogawana maeneo, Wamethodisti hawakuwemo. Pwani na Meru ndiko walikopewa. Huku walikuwa Wapresbiteri, Waanglikana na Africa Inland Mission. Kwa sehemu kubwa, basi, Umethodisti wa Thika na Ruiru uliletwa na abiria. Ulishuka kwenye basi pamoja na gunia la viazi na anwani ya binamu. Ulikuja na vibarua, walimu, askari, wanafunzi na wauza miraa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe ndiye mgeni huyo! Usikae hapa miaka kumi kama mtu anayesubiri gari la kurudi kwao.

Najua utakachosema. Utasema umechoka. Barabara ya Thika unaijua mwenyewe, foleni ya Githurai unaijua mwenyewe. Sikatai. Lakini jana ulikaa na simu mpaka saa sita usiku, na haikukuuliza hata mara moja kama umekula. Saa moja kwa wiki haimmalizi mtu. Upweke ndio unaommaliza.

Utasema hukusoma sana. Prisila na Akila walikuwa mafundi wa kushona mahema, wakimbizi waliofukuzwa Roma. Siku moja walimsikia Apolo akihubiri, msomi mwenye ulimi wa dhahabu, wakaona elimu yake ina pengo. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao wakamfundisha vizuri zaidi. Fundi alimfundisha msomi, na msomi alikubali kufundishwa! Darasa likiwa na mhadhiri wa Juja na fundi wa kushona wa Kiandutu, bado hujui ni nani atakayemwelekeza mwenzake.

Na wewe mhubiri, mzee wa kanisa, mwimbaji wa miaka thelathini, usiseme umeshafika. Wesley aliwataka wahubiri wake wasome kila siku. Aliyelalamika kwamba hana hamu ya kusoma aliambiwa aizoeze hamu hiyo, la sivyo arudi kwenye kazi yake ya zamani. Yeye mwenyewe alisoma akiwa juu ya farasi, akakusanya vitabu 50 vya kuwasomesha watu wake, na alikufa mwaka 1791 akiwa na miaka 87, akiwa bado anahubiri na kuandika hadi majuma yake ya mwisho.

Nimekaa katika darasa la namna hii, katika chumba kimoja eneo la Landless. Sofa mbili zenye vitambaa, watoto wamepangwa kitandani, kijana mmoja amekalia mtungi wa maji alioupindua. Biblia ya Kimeru, ya Kikuyu, ya Kiswahili, na moja iliyomo ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka. Jioni hiyo tulisoma mfano wa yule mtumwa aliyesamehewa deni kubwa akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Tukausoma kwa lugha tatu, maana kila lugha ilikuwa na neno lake la kusamehe. Kijana wa bodaboda akauliza bila kuzunguka: rafiki yake alikopa pesa zake za tairi, je, kusamehe ni kuacha kumdai? Tukanyamaza. Mama mmoja ambaye hajui kusoma, lakini ana sura nzima nzima kichwani, akaweka kikombe chini. Akasema, "Samehe leo, mwanangu, uweze kulala. Kesho mwende mkubaliane tarehe." Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Sijasikia mahubiri yaliyonifundisha zaidi kuhusu msamaha, na yalichukua nusu dakika.

Hebu basi, inuka. Usingoje mkutano wa mwaka wala kamati. Tafuta watu kumi na mmoja wa karibu nawe, wa ploti moja au mtaa mmoja, ili nauli isiwe kisingizio. Chagueni siku moja na saa moja, na mkimaliza saa hiyo, mfunge. Anzeni na Injili ya Marko: ina sura 16, sura moja kwa wiki, na baada ya miezi minne mtakuwa mmemaliza kitabu kizima pamoja. Kila mmoja aje na swali moja la kweli kutoka kazini au nyumbani kwake. Mwekeni mmoja awe na daftari la majina, na asiyefika atembelewe kabla ya Jumapili. Mwenye shilingi 20 aitoe, asiyekuwa nayo alipiwe. Kila Januari tunasimama kwenye Ibada ya Agano na kumwahidi Mungu maisha yetu. Darasa ndilo la kutuuliza mwezi wa Juni tumefika wapi.

Mtu wa Ruiru hahitaji mfano wa mbali. Kituo cha utafiti wa kahawa cha hapa kilitoa mwaka 1985 aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11. Watafiti waliishughulikia kwa miaka mingi, wakichavusha maua kwa mkono. Huo mbuni ni mfupi, unastahimili ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na unaweza kupandwa kwa kukaribiana kuliko mibuni ya zamani, shamba dogo likabeba miti mingi. Sisi nasi tumepandwa kwa kukaribiana, ukuta kwa ukuta, ghorofa juu ya ghorofa. Tunalalamika kwamba tumebanana. Je, kama msongamano huu ndio utajiri tuliopewa? Kule kijijini kiongozi wa darasa huvuka mito miwili kumfikia mshirika. Wewe unavuka ngazi moja.

Yule jirani bado anakohoa. Leo usifungue redio kwanza. Kata tangawizi, chemsha chai, itie kwenye chupa, beba vikombe viwili. Piga hodi, sema jina lako, na uulize lake. Hiyo ndiyo sura ya kwanza. Wiki ijayo mfungue Marko.