Hodi, na Jibu la "Mimi"

Huku kwetu chini ya Mlima Meru mgeni hupiga hodi. Wa ndani huuliza, "Nani?" Naye hujibu, "Mimi." Jibu hilo halimtambulishi mtu, kwani hata mwizi ni "mimi". Kinachofungua mlango ni sauti tunayoijua.

Jambo hili nimelikumbuka kwa sababu ya hereni za kielektroniki za ng'ombe. Sheria yetu ya utambuzi wa mifugo ni ya mwaka 2010, na mwaka 2025 kampeni ya taifa iliunganisha chanjo na hereni hizo. Hereni haina betri. Kisomeo huipa nguvu kwa mawimbi ya redio, nayo hutaja namba yake, kwa kawaida ya tarakimu 15. Humtajia yeyote aulizaye, na jibu ni lile lile siku zote. Aliyelinasa mara moja aweza kulitia katika hereni nyingine, na ng'ombe wa wizi akawa wa halali. Mzee wa Kiarusha amjuaye ng'ombe wake kwa rangi, pembe na mwendo atabishana na namba, na nachelea kwamba namba itashinda.

Dawa yake kila mwalimu anaijua: aliyekariri majibu hukamatwa kwa swali jipya. Kisomeo nacho chaweza kuuliza swali jipya kila mara, na hereni ikajibu kwa hesabu itumiayo siri ya wawili hao, bila kuitamka siri yenyewe. Lakini hereni ni maskini wa nguvu. Hesabu nzito haiiwezi. Mwaka 2001 Hopper na Blum walibuni hesabu nyepesi ambayo hata binadamu aweza kuifanya kichwani. Mwaka 2005 Juels na Weis waliirekebisha kwa ajili ya vyombo vidogo kama hivi. Mwaka huo huo watafiti wengine walionyesha kwamba anayejipenyeza katikati na kuyageuza maswali aweza kuipata siri.

Je, ulinzi mwepesi ni udanganyifu? Sidhani. Komeo la mti halizuii shoka, lakini humlazimisha mwizi kupiga kelele. Udanganyifu ni kumwambia mfugaji kwamba komeo ni ukuta, na kwamba namba haikosei. Namba na iwe shahidi mmoja tu. Mwenye ng'ombe naye asikilizwe, na yule aliyeshika kisomeo, kabla hajajibiwa, aulizwe kwanza: "Nani?"