Kaburi Lililo Shambani

Somo: Yoshua 4:1-7



Nilipokuwa nasomea biashara Nairobi, nilizoea kupumzika kwenye ile bustani ya ukumbusho iliyo kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Hapo ndipo ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, watu 213 wakafa jijini. Majina yao yako ukutani. Miaka minne mimi nilifuata kivuli tu. Sikusimama nikasoma hata jina moja. Mungu anisamehe.

Sasa mwangalieni Yoshua. Israeli wamevuka Yordani, na Mungu anaagiza mawe 12 yatolewe mtoni, kila kabila mtu mmoja, jiwe begani. Sisi wahubiri tunapenda sana hayo mawe. Lakini hebu soma vizuri: jiwe halikupewa kazi ya kusema. Mtoto akiuliza, mzazi ndiye wa kujibu.

Nayasema haya kwa sababu ya Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu, al-Shabaab waliingia chuo kikuu kule wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Miili ililetwa mochari ya Chiromo, wazazi wakangoja kutambua watoto wao, kisha kila familia ikampeleka wake nyumbani. Ndiyo desturi yetu, mtu huzikwa kwao. Basi makaburi yao yametapakaa, hili nyuma ya migomba, lile kando ya mahindi.

Moja liko upande wa Njoro, kwa mama mmoja wa kanisa letu. Mwezi uliopita, baada ya ibada ya pili, alinishika mkono: "Pasta, siku ya mazishi mlijaza matatu mbili. Tangu hapo ni mimi na jembe langu." Na sasa mashemeji wanataka kuuza kile kipande cha shamba. "Nikiondoka mimi, nani atamwambia mnunuzi huyu alikuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi ofisini nikafungua bajeti ya kanisa (mazoea ya shule hayaishi). Fungu la mazishi lipo: hema, viti, sufuria, mafuta ya gari. Baada ya siku ya kuzika, hakuna hata shilingi. Tunazika vizuri sana sisi, halafu tunapotea.

Someni 2 Samweli 21. Rizpa alilinda maiti za wanawe tangu mavuno mpaka mvua, ndege mchana, wanyama usiku. Mfalme alipopata habari, ndipo mifupa ikazikwa. Muda huo wote majirani walikuwa wapi? Biblia haisemi, na mimi naogopa kwamba tunajijua.

Jumamosi hii tunaenda Njoro. Tutaondoka kanisani saa mbili asubuhi. Beba jembe. Walimu wa shule ya Jumapili, leteni watoto wakubwa. Mama amekubali kuwasimulia juu ya binti yake, na wao waulize maswali. Kuhusu shamba, wazee wa kanisa wameomba kukutana na mashemeji siku hiyo hiyo, saa nane. Tafadhali ombeeni kikao hicho.