Wasia wa Luqmani na Usukani wa Gari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, katika darsa yetu yumo bwana mmoja ambaye jina lake hatutalitaja, kwani mwenyewe hapendi kutajwa. Leo ni mtu wa safu ya mbele msikitini, na ndevu zake zimeingia mvi. Lakini katika ujana wake alikuwa miongoni mwa wale wanaoshindana kwa magari usiku wa manane katika barabara za mji, kwa fakhari na kwa dau la fedha, na dau hilo ni kamari tupu. Siku hizi, kila Jumapili baada ya sala ya alfajiri, twamwona akimpa mwanawe ufunguo wa gari, kisha yeye huketi upande wa pili. Kijana ametimiza miaka 18, na cheti cha kujifunzia anacho. Gari huenda polepole hata watu wa barazani hucheka wakisema: "Simba amekuwa paka."

Sisi hatukucheka. Tulimwuliza khabari yake, naye akaturuhusu tuiandike kwa manufaa ya wengine.

Alitwambia kwamba usiku mmoja, alfajiri ikikaribia, alikuwa akishindana na rafikiye. Mzee mmoja alikuwa akivuka njia kwenda msikitini. Gari la yule rafiki likamgonga, akafa papo hapo. Rafiki alishitakiwa akahukumiwa. Huyu bwana hakuulizwa na mtu, kwani gari lake halikumgusa mzee. "Lakini," akasema, "aliyekuwa mbele ni mimi, na aliyekuwa akifukuzwa ni mimi."

Asiridhike kusema tu kwamba ametubu. Alikwenda kwa warithi wa mzee, akakiri mbele yao, akaomba radhi. Mkubwa wao alinyamaza kitambo, kisha akamjibu: "Tumekusamehe. Lakini nenda kawazuie wenzio." Akaenda, nao hawakumsikiliza. Miaka ikapita, akaoa, akapata mtoto. Na mtoto alipokua akasikia mitaani kwamba babake alikuwa bingwa, akarudi nyumbani na furaha: "Baba, nifundishe kuendesha kama ulivyokuwa ukiendesha wewe."

Ndugu zetu, huu ndio mtihani. Akikana, amesema uwongo. Akisimulia kwa madaha, ameipamba maasi mbele ya mwanawe, na Mtume (S.A.W.) ametuonya juu ya mtu anayesitiriwa na Mola wake usiku, naye akaamka asubuhi kujifichua. Basi bwana huyu alifanyaje? Alimpeleka kijana mpaka mahali pale pale, wakaliweka gari kando ya njia, akamwanzia kisa kwa mwisho wake. Hakutaja kasi wala ushindi, alimtaja marehemu. Wakamwombea maghufira. Kisha akamwambia: "Sasa washa gari, twende pole."

Tunaona hiyo ndiyo tofauti baina ya kujifakharisha kwa dhambi na kutoa nasaha. Mwenye kujifakharisha hueleza utamu akaficha khasara. Mwenye kunasihi hueleza khasara ili mwenziwe asiutamani utamu.

Sasa na tutazame nafsi zetu. Wangapi katika sisi huwakabidhi vijana magari na pikipiki kama tunavyowapa fedha za sikukuu, kisha wakiletwa nyumbani juu ya jeneza twasema, "Ajali haina kinga"? Maneno haya ni ya kumliwaza aliyefiwa. Hayakuwekwa yawe udhuru wa mzembe. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee kwa Mungu. Na ajabu zaidi ni mtu anayetundika hirizi kwenye kioo cha gari, na breki zake hazishiki! Uganga huo haumo katika dini, wala haumo katika akili. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul-Baqara tusijitie wenyewe katika maangamizo.

Wala asidhani mtu kwamba kuua kwa makosa ni jambo jepesi. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, aliyemwua Muislamu kwa makosa amewajibishiwa kafara na diya, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru afunge miezi miwili mfululizo. Hayo ni kwa aliyekosea. Sembuse aliyejua khatari na akakanyaga mafuta! Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde 1, kabla mguu haujafika kwenye breki. Na kasi ikizidi mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kushika breki huzidi mara nne. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hata 29.

Huenda kijana akatuambia: "Mbona Mtume aliwashindanisha farasi?" Ni kweli, aliwashindanisha. Bali tazama alivyofanya. Waliozoezwa aliwapa masafa marefu, kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa. Na wasiozoezwa akawapa mafupi, kutoka Thaniyyatul-Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Kila mmoja kwa kadiri ya mazoezi yake, na mahali palipojulikana. Wapi na wapi hayo na kushindana gizani katika njia ya watu waendao sala, sokoni na hospitali? Na Anjasha alipowahimiza ngamia waliopanda wanawake, Mtume alimtaka aende nao taratibu, akiwafananisha na vyombo vya kioo. Je, waliomo ndani ya gari lako si vioo? Na anayevuka njia je?

Luqmani alipomwusia mwanawe, hakumwachia katika shirki na sala peke yake. Alimwusia pia asitembee kwa maringo, na awe na mwendo wa kati na kati. Wasia wa mwendo umo ndani ya Kurani, ndugu zetu. Nasi tumewaachia vijana wetu wafundishwe mwendo na mitaa!

Basi yatupasa kila mzazi aketi na mwanawe, wa kiume na wa kike, ndani ya gari, siku nyingi, bila ya makelele. Amfundishe kumpisha mwenda kwa miguu, kushika kilomita 50 mjini, na kutoona haya kupitwa. Na aliye na ya nyuma ya kujutia, asiyafanye hadithi ya baraza. Ayafanye darsa ya mwanawe. Bwana yule alitwambia: "Wote sikuweza kuwazuia. Lakini huyu mmoja nitaulizwa." Nasi twasema: kila mchunga ataulizwa kwa alichokichunga.

Ewe Mola wetu, tusitiri tuliyoyafanya, utughufirie, na uwajaalie watoto wetu wawe salama na watu wasalimike nao. Amin.