Kipokezi na Ahadi

Washairi wa pwani waliukabidhi moyo kazi zote za mahaba: kupenda, kuugua, kusaliti na kutubu. Wataalamu wa zama hizi wameihamishia kazi hiyo kwenye ubongo, katika vipokezi vilivyo juu ya seli mithili ya kufuli, na kemikali za mwili ndizo funguo zake.

Huko Amerika ya Kaskazini wapo panya wadogo wa nyikani ambao dume na jike hukaa kiota kimoja na kulea wana pamoja. Jamaa zao wa malishoni hawana desturi hiyo; dume hupita akaenda zake. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walitangaza kwamba waliwaongezea madume wa malishoni vipokezi vya homoni iitwayo vasopresini katika sehemu moja ya ubongo, nao wakaanza kumpendelea jike waliyemzoea kuliko mgeni.

Hapo ndipo lizukapo swali zito. Ikiwa uaminifu ni wingi wa vipokezi, mume aliyetulia nyumbani asifiwe kwa lipi, na aliyeitelekeza nyumba alaumiwe kwa lipi?

Elimu yenyewe haikusimama hapo. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walitoa habari za panya wa nyikani waliozaliwa bila kipokezi cha oksitosini, kilichodhaniwa kuwa nguzo ya mapenzi yao. Nao wakashikamana na wenzi wao vilevile. Basi hata kwa panya, kufuli moja si nyumba nzima.

Na lau ingekuwa nyumba nzima, panya hana ahadi. Mwanadamu hutoa neno mbele ya mashahidi, wala halitoi kwa ajili ya siku za furaha, ambazo hazihitaji ahadi. Hulitoa kwa ajili ya siku ambayo damu imepoa. Mwenye kusingizia maumbile siku hiyo ameeleza kwa nini kazi ni ngumu. Hajaeleza kwa nini hakuifanya. Mke aliyeachwa na wana hadai kipokezi, bali anadai neno alilopewa, na dai lake ni la haki.

Hata hivyo, elimu hii yafunza upole, kwani mizigo ya watu si sawa. Yuko asifiwaye maisha yake yote kwa utulivu usiomgharimu kitu. Na yuko ambaye kila jioni arudipo nyumbani ameshinda vita asivyovijua jirani. Huyu wa pili ndiye mwenye sifa, ijapokuwa hakuna amwonaye.