Watoto wa Babeli na Mwamba

Soma Zaburi 137:1–9, Maombolezo 2:11, 12, Warumi 12:15–21.

Wengi wetu tukifundisha Zaburi ya 137 huishia fungu la sita. Mito ya Babeli, vinubi, machozi ya mateka: hayo huimbika. Fungu la tisa hatuliimbi. Humo mwimbaji anamhesabu kuwa na heri yule atakayewaua watoto wachanga wa Babeli kwa kuwapiga mwambani. Je, Mkristo aliyeagizwa kuwapenda adui zake anaweza kuomba hivyo?

Swali hili ni la kale. Katika karne ya pili mpagani mmoja, Celsus, aliandika kitabu cha kuwapinga Wakristo. Alisema kwamba Mungu wa Musa aliamuru adui waangamizwe pamoja na vijana wao, lakini Yesu alifundisha kumgeuzia ampigaye shavu la pili. Akataka aambiwe ni yupi kati ya hao wawili aliyekosea. Mnamo mwaka 248 B.K. alijibiwa na Origen, mwalimu mzaliwa wa Iskanderia. Alipoifikia zaburi hii, Origen alieleza kwamba Babeli maana yake ni machafuko, na watoto wake ni mawazo maovu yanayochipuka moyoni. Mwenye heri ni yule anayeyavunja yangali machanga kwenye mwamba, yaani Neno. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Augustine, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, alifundisha vivyo hivyo alipozifafanua zaburi zote 150. Tamaa mbaya iuawe kabla haijapata nguvu, na mwamba ni Kristo (1 Kor. 10:4).

Mafundisho haya yana faida kubwa. Yaliuchukua upanga ulioelekezwa kwa jirani, yakaugeuza kuelekea moyo wa msomaji mwenyewe. Ni kweli pia kwamba dhambi ndogo haibembelezwi; ikilelewa hukua. Wapo hata leo wanaomsomea adui Zaburi ya 109 kana kwamba ni hirizi. Hao wangenufaika kukaa kidogo miguuni pa Origen.

Hata hivyo, kuna kilichopotea. Watoto wa Babeli wakishageuzwa kuwa mawazo, watoto wa Yerusalemu nao hutoweka. Mwaka 586 K.K. jeshi la Nebukadreza liliuteketeza mji huo baada ya kuuzingira kwa muda mrefu, na Maombolezo inatuonyesha wachanga wakifa kwa njaa mikononi mwa mama zao. Zaburi hii ilitoka katika taifa lililozika watoto halisi. Theodore, askofu wa Mopsuestia katika Kilikia, aliyefariki mwaka 428, aliwapinga waliogeuza matukio ya Maandiko kuwa mafumbo. Alisisitiza kwamba zaburi isomwe ndani ya historia ya Israeli.

Tuseme mama ambaye mwanawe ameuawa anaingia kanisani Sabato asubuhi, na moyoni amebeba fungu la tisa. Tukimwambia kwamba fungu hilo linahusu mawazo mabaya tu, tumemziba kinywa. Tukimwambia kwamba kisasi ni haki yake, tumemkabidhi jiwe. Zaburi yenyewe ina njia nyingine. Katika wimbo huu mateka hawaokoti jiwe. Sehemu hiyo ya zaburi inaanza kwa kumwomba Bwana akumbuke (fungu la 7). Hasira yao yote, hata ile isiyosemeka mbele za watu, waliileta mbele za Hakimu na kuiacha hapo. Ndiko anakotupeleka Paulo anapotuagiza tumwachie Mungu kisasi. Lakini mtu hawezi kumkabidhi Mungu mzigo anaokana kuwa nao.

Kwa hiyo utaratibu wa kusoma una uzito wake. Kwanza, pamoja na Theodore, tukisikie kilio kama kilivyo. Kisha tumwachie Mungu hukumu. Ndipo, pamoja na Origen na Augustine, kila mmoja ajiulize ni chuki gani changa anayoinyonyesha yeye mwenyewe. Anayeanza na hatua hii ya mwisho atajikuta akiwahubiria wanaolia kabla ya kulia nao. Naye anayeishia hatua ya kwanza atabaki Babeli hata baada ya malango kufunguliwa.

Tafakari: Je, katika darasa lako la Shule ya Sabato yupo mtu ambaye uchungu wake haujapata nafasi katika maombi ya darasa? Ufanye nini juma hili ili aweze kumwambia Mungu yaliyo moyoni mwake bila kuogopa kuhukumiwa na ndugu zake?