Mzee wa Uhamishoni Ana Kazi Gani?



Tunaanza na kosa letu. Katika kanisa letu hapa Nakivale, mzee mmoja kutoka Masisi ndiye aliyekuwa akigonga kengele ya Jumapili, ile rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Alikuja alfajiri, polepole, na fimbo yake. Sisi viongozi tukamwonea huruma, tukamwambia, "Baba, umechoka, sasa pumzika. Kijana atagonga." Tulidhani tunamheshimu. Majuma machache yakapita, hakuonekana tena ibadani. Tulipomtembelea alituambia, "Mlisema nipumzike. Kazi zangu zote zilibaki Kongo. Hapa nilikuwa na hiyo moja tu."

Tangu siku ile tunajiuliza: kumwondolea mzee kazi ni kumheshimu, au ni kumzika kabla ya siku yake?

Swali hili ni zito kwetu wakimbizi. Nyumbani hakuna aliyemwuliza mzee kazi yake ni ipi. Alikuwa na shamba la kuwagawia wanawe, mashauri ya ukoo, na makaburi ya baba zake ya kutunza. Hapa kiwanja ni kidogo, na jina lake limeandikwa kati ya wenye mahitaji maalum. Msaada huo ni mwema, nasi tunashukuru. Lakini mtu akihesabiwa miaka mingi kwa yale anayopokea tu, mwisho huamini kwamba hana la kutoa.

Tusome Yeremia 29. Barua ile ilipelekwa kwa waliohamishwa Babeli, na wa kwanza kutajwa ni wazee. Waliambiwa wajenge, wapande bustani, wauombee mji ule. Kisha wakaambiwa kwamba kurudi ni baada ya miaka 70. Mzee wa miaka 60 aliposikia hesabu hiyo alijua kwamba yeye hatarudi. Hata hivyo Mungu hakumwambia aketi angoje kufa. Alimpa kazi ambayo matunda yake yangeliwa na wajukuu.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunasema, "Nitafanya tukirudi," au, "Nitafanya tukipata safari ya kwenda ng'ambo." Kwa kijana, kungoja hivyo ni hasara. Kwa mzee, ni kupoteza yote yaliyobaki. Ana, yule mjane wa Luka 2 mwenye miaka 84, naye alingoja, lakini alingoja akifunga na kuomba. Mtoto Yesu alipoletwa hekaluni, yeye alikuwepo, akawasimulia wengine habari zake.

Mtu atatuambia, "Wachungaji, bibi zetu wamechoka. Wanalea wajukuu yatima, wanateka maji, wanalima. Mnataka kuwaongezea mzigo?" Neno hilo ni kweli. Basi tumtazame Barzilai, mwenye miaka 80. Daudi alipomkimbia Absalomu, Barzilai na wenzake walimpokea kwa vitanda, unga na maharagwe. Lakini Daudi alipomwalika kukaa Yerusalemu alikataa, akamtoa Kimhamu aende badala yake (2 Samweli 17 na 19). Alijua la kushika na la kumwachia kijana. Tena aliamua mwenyewe; hakuna aliyemwamulia.

Kosa letu lilikuwa hilo: tulimwamulia mzee bila kumwuliza. Tusimpe mzee jembe la kijana, wala tusimnyang'anye lililo lake. Tumwulize. Kuna watoto waliozaliwa hapa ambao hawajui jina la mto wa kijiji chao, wala hawasemi Kihunde au Kibembe. Kuna ndoa changa zinazogombana usiku bila mtu wa kuzisuluhisha. Kuna wagonjwa wasio na wa kuwaombea. Ni nani atakayefanya hayo vizuri kuliko aliyeishi miaka mingi?

Nanyi wazee wetu, tukiwaambia mpumzike, msikubali haraka. Tuambieni mnachotaka kuendelea nacho.

Yule baba tulimwomba msamaha, tukamrudishia chuma chake cha kugongea. Kijana humshika mkono njiani kukiwa bado giza, lakini anayegonga ni yeye. Jumapili nyingine kengele huchelewa dakika kumi. Tumejifunza kumngoja.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.