Kuondolewa Kazini Si Kuhukumiwa

Katika mambo ambayo watu wa miji yetu huyazungumza sana na huyafikiri kidogo ni hili la mwalimu kuondolewa shuleni. Asubuhi husikiwa kwamba fulani amepewa barua. Adhuhuri husemwa kwamba ameiba. Na jua halitui ila watu wamekwisha kujua ameiba kiasi gani na amejenga wapi. Wala katika hao wote hapana hata mmoja aliyeiona hiyo barua. Basi yatupasa tuulize: mtu akiondolewa mahali pake na mkubwa wa kazi, je, amekwisha kuhukumiwa? Na ikiwa hajahukumiwa, ni ipi haki yake juu ya huyo mkubwa, na ni ipi haki yake juu yetu sisi majirani zake?

Jawabu tunaloliona ni hili: kumwondoa mtu ni jambo moja, kumhukumu ni jambo la pili, na kuwabainishia watu hali yake ni jambo la tatu. Kila moja lina mlango wake na masharti yake. Mwenye kuyachanganya hudhulumu, hata kama nia yake ni njema.

Na tutazame kwanza mambo yalivyopangwa katika nchi yetu. Walimu wa shule za serikali wako chini ya Tume ya Huduma za Walimu, ile ijulikanayo kwa herufi TSC. Tume hii iliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Katiba ya mwaka 2010 ikaipa nguvu zaidi katika kifungu cha 237. Kazi zake ni kuwaandikisha walimu, kuwaajiri, kuwapeleka mashuleni, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha, kuwatia adabu, na kuwaachisha kazi. Mtazame, ndugu msomaji, wingi wa mambo yaliyokusanyika katika mkono mmoja. Aliyekuajiri ndiye anayekuhamisha, na anayekuhamisha ndiye anayekushitaki, na anayekushitaki ndiye anayekaa kukusikiliza. Wahenga wetu wameliona jambo hili zamani, waliposema kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Hatusemi kwamba mpango huu ni batili. Kila mwenye kuajiri hana budi kuwa na uwezo wa kumrudi aliyemwajiri, ama sivyo kazi haiendi. Tunalosema ni kwamba mkono uliokusanya mambo mengi namna hii unahitaji kufungwa kamba zaidi kuliko mkono mtupu. Na kamba hizo zipo. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 47, imempa kila mtu haki ya kutendewa na wakubwa wa serikali kwa insafu na bila kucheleweshwa, na kupewa sababu kwa maandishi ikiwa haki yake imeguswa. Kifungu cha 236 kimekataza mtumishi wa umma kufukuzwa, kuteremshwa cheo au kuadhibiwa bila kufuata njia ya sheria. Na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, naye akiwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama chake pembeni, kisha amsikilize. Neno hili la "lugha anayoifahamu" si dogo. Mara ngapi mtu ametia saini karatasi inayomuangamiza, naye hakujua maana yake?

Ama desturi ya kazi ni hii. Mwalimu akituhumiwa kosa kubwa, husimamishwa kwanza ili achunguzwe. Aghalabu hupewa nusu ya mshahara wake katika muda huo, na katika baadhi ya makosa hapewi kitu. Kisha huitwa mbele ya kikao, akasomewa mashitaka, akajitetea na kuleta mashahidi. Baada ya hapo huenda akarudishwa kazini, au akaonywa, au akasimamishwa kwa muda uliowekwa, au akafukuzwa, na pengine jina lake likafutwa katika daftari la walimu. Asiporidhika anayo njia ya kuomba hukumu itazamwe upya, na mwisho iko Mahakama ya Ajira na Kazi.

Katika mpango huo, yule aliyesimamishwa siku ya kwanza hajahukumiwa lolote. Ameondolewa tu. Lakini mjini kwetu siku ya kwanza ndiyo siku ya hukumu, na yote yanayofuata watu hawana habari nayo. Miezi ikapita, kodi ya nyumba ikamwelemea, watoto wakarudishwa nyumbani kwa karo, duka likakataa kumkopesha. Kisha akapata barua kwamba hana kosa, arudi kazini. Barua ile ataionyesha nani? Kila aliyemtukana ataifuata nyumba kwa nyumba amsomee?

Hapa huenda msomaji akapinga akasema: "Wewe wamhurumia mwalimu, na mtoto je? Mwalimu akituhumiwa kumvunjia heshima msichana, tumwache darasani mpaka ushahidi utimie?" Hoja hii ni nzito, wala hatupendi kuipita kwa haraka. Jawabu ni kwamba hapana, asiachwe hata siku moja. Mtoto ni amana, na mwenye amana haingojei hasara ndipo afunge mlango. Tume yenyewe ilitoa waraka nambari 3 wa mwaka 2010 juu ya kuwalinda wanafunzi na ubaya wa namna hii, na ikamtia hatiani hata mwenye kujua akaficha. Hilo ni jambo jema, na mzazi yeyote mwenye akili huliunga mkono.

Lakini ndio maana tukasema mambo haya ni matatu. Kumwondoa mtuhumiwa karibu na watoto ni kinga, na kinga yatosha kwake tuhuma yenye uzito. Kumhukumu ni jambo jingine, halitoshelezwi ila na ushahidi. Ukizitenganisha, waweza kumwondoa leo bila kumdhulumu, na wamlinda mtoto vile vile. Ukizichanganya, moja kati ya maovu mawili hutokea. Ama wakubwa wataogopa kumwondoa mtu kwa kuwa kumwondoa ni kumvunja, na mtoto akabaki hatarini. Au watamwondoa na kumvunja pamoja, na asiye na kosa akaangamia. Na lipo ovu la tatu, baya kuliko hayo, nalo ni kumhamisha kimya kimya mwenye kosa akapelekwa shule nyingine ili aibu ifunikwe. Huyo hakuhukumiwa hata kidogo, na watoto wa shule ya pili wamepewa mzigo ambao wazee wao hawakuambiwa. Uhamisho umetumika hapo mahali pa hukumu, nao si hukumu.

Katika habari za waliotutangulia iko moja inayolieleza jambo hili wazi. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar, watu wa Kufa walimshitaki liwali wao, Saad bin Abi Waqqas. Naye Saad hakuwa mtu wa kubahatisha: ni katika masahaba kumi waliobashiriwa Pepo, na ndiye aliyeliongoza jeshi la Qadisiya. Malalamiko yao yalifika hata wakasema kwamba hajui kusalisha vizuri. Umar alimwondoa, akamweka Ammar bin Yasir mahali pake. Kisha akamwita Saad, akamwambia waziwazi wanayoyasema watu, akamsikiliza jawabu lake. Baadaye akatuma watu wafuatane naye mpaka Kufa, wakaulize habari zake msikiti kwa msikiti. Kila msikiti ulimtaja kwa wema, isipokuwa mmoja, ambamo mtu alisimama akamtuhumu. Na ulipofika mwaka 644, Umar akiwa amekwisha kupigwa jambia na mauti yamemkaribia, alimtaja Saad katika watu sita wa kushauriana juu ya ukhalifa, na akabainisha mbele ya watu kwamba hakumwondoa kwa kushindwa kazi wala kwa khiyana.

Kumwondoa kulikuwa haraka, kwa kuwa mji ulikuwa umechafuka na maslaha ya watu yalitaka utulivu, na cheo cha Saad hakikumzuia Umar. Uchunguzi ulifanywa dhahiri, mshitakiwa akiwapo, wala haukufanywa kwa barua za siri. Na mwisho, aliyemwondoa ndiye aliyemsafisha, kwa ulimi wake mwenyewe, mbele ya watu wale wale ambao wangeweza kumdhania vibaya. Hili la mwisho ndilo tulilolikosa sisi leo. Idara zetu zajua kumwondoa mtu, na pengine zajua kumsikiliza. Lakini kumrudishia jina lake hakuna anayeona kuwa ni kazi yake.

Hata pale ambapo hapana tuhuma, kimya hiki huumiza. Mwaka 2018 Tume ilishika mpango wa kuwahamisha walimu wakuu kutoka kaunti za kwao kwenda kaunti nyingine. Ilikuwa ni siasa ya kazi kwa jumla, si adhabu ya mtu. Baada ya malalamiko mengi, walimu wengi waliohamishwa mbali walirejeshwa miaka ya baadaye. Lakini mtu wa kawaida mtaani angelijuaje kwamba mwalimu mkuu huyu amehamishwa kwa mpango, na yule wa shule ya pili kwa sababu ya fedha zilizopotea? Barua zote mbili zafanana, na waliozipata wote wawili wamefunga mizigo. Sentensi mbili zilizosomwa na mkurugenzi mbele ya wazee wa shule zingetosha kutenga baina ya huyu na huyu.

Na ama kuchelewesha, hilo tusiliite upole wala uangalifu. Mwalimu aliyesimamishwa kwa nusu mshahara huadhibiwa kila mwezi upitao, naye hajaonekana na kosa. Hata akilipwa baadaye kile kilichozuiliwa, deni alilolikopa halimngojei, wala mtoto aliyekosa muhula harudishiwi muhula wake. Kesi ikiwa nyepesi na imalizwe upesi. Na ikiwa nzito mpaka yahitaji muda, mshitakiwa na mlalamikaji wote wawili waambiwe imefika wapi. Mzazi wa mtoto aliyedhulumiwa naye pia yuko katika mateso ya kungojea, na aghalabu hapana anayemkumbuka.

Kadhalika si aibu kwa mkubwa kuirudia hukumu yake. Katika waraka unaonasibishwa na Sayyidna Umar alioupeleka kwa Abu Musa al-Ashari juu ya kazi ya ukadhi, amemfundisha kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kurejea katika haki akiiona leo. Kikao cha kutazama upya kikiwa na watu wale wale wenye kuona haya ya kusema "tulikosea," hicho si kikao, ni muhuri wa pili juu ya karatasi ile ile.

Sasa tugeuze uso kwetu, kwani kuwalaumu wakubwa ni jambo jepesi. Ni nani wanaoandika zile barua zisizo na jina zinazopelekwa kwa mkurugenzi? Si watu wa London, ni sisi. Mmoja alinyimwa nafasi ya mwanawe, mwingine alinyimwa zabuni ya kuuza maharagwe shuleni, wa tatu hapendi kabila la mwalimu, na wote watatu wakaandika kwa jina la "wazazi wenye uchungu." Mwenye kujua dhulma kweli na aandike, tena asichelewe, na ikiwa aliyedhulumiwa ni mtoto, kunyamaza ni kushirikiana na dhalimu. Lakini aandike aliyoyaona, siku aliyoyaona, na aweke jina lake mahali ambapo sheria itamlinda. Asiyekuwa tayari kuulizwa asifanye haraka ya kushitaki.

Tunayo methali tunayopenda kuitumia mahali hapa: lisemwalo lipo, na kama halipo li nyuma laja. Methali hii yafaa kumfanya mtu awe macho. Haifai kuwa shahidi. Mkubwa wa kazi akiisikia, na achunguze; jirani akiisikia, na anyamaze mpaka uchunguzi uishe. Wala mtu asiseme kwamba neno lake ni moja tu na halina uzito, kwani mji hauna ulimi mwingine ila ndimi zetu.

Basi tunayoyataka kwa wenye mamlaka ni machache, na sheria yenyewe haiyakatazi. Wamwondoe mwenye kutuhumiwa upesi pale penye hatari, na waseme wazi kwamba ameondolewa na hakuhukumiwa. Wamsikilize pamoja na anayemlalamikia, kwa lugha wanayoifahamu wote wawili. Wakate shauri kabla njaa haijalikata. Na wakimwona hana kosa, yule aliyeipeleka barua ya kumsimamisha aende mwenyewe shuleni, asimame mbele ya walimu na wazazi, aseme kwamba mtu huyu ni safi. Wakimwona ana kosa, kadhalika waseme, wasimsafirishe usiku kwenda kuwaharibu watoto wa wengine.

Na tunayoyataka kwetu sisi ni hili moja: siku mwalimu aliyesafishwa atakaporudi mtaani, tumwamkie kama tulivyokuwa tukimwamkia. Hilo halihitaji tume wala mahakama. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.